Dundu Juu ya Waridi

Katika miinuko ya Timau, ambako upepo wa Mlima Kenya hupita juu ya mashamba ya ngano na mabanda ya nailoni yatoayo waridi kwa soko la Ulaya, mwenye bustani ndogo ya nyumbani aamkapo na kumkuta dundu amezama katika ua lake, kichwa chini na mgongo umepakaa chavua, hukumu yake huwa moja tu: huyu ni mwizi, na auawe.

Ushahidi upo, wala si insafu kuuficha. Madundu wa maua, ambao Pachnoda wa Afrika ni miongoni mwao, ni kundi la spishi zaidi ya 3,000 zilizotapakaa karibu duniani kote. Hula chavua, mbochi, petali na matunda yaliyoiva. Jamaa yao mmoja aitwaye Oplostomus huthubutu hata kuingia mzingani na kula majana ya nyuki.

Lakini mtazame arukapo. Madundu wengi hufunua kwanza magamba mawili ya mgongoni. Huyu huyaacha yamefungwa, akatoa mbawa zake laini ubavuni, mfano wa mtu apenyezaye mikono chini ya joho asilifungue, akaenda zake kwa mvumo kama wa nyuki.

Ama utoto wake, haumo katika ua kamwe. Buu wake mweupe, aliyejikunja, huishi ndani ya samadi na majani yaliyooza, akiyala na kuyatoa yakiwa chembechembe zenye rutuba, hata siku ajijengeapo kifuko cha udongo ambamo hugeuka dundu. Mkulima apinduapo samadi yake huwaponda mabuu wote pamoja, akiwadhania kuwa walaji wa mizizi, ilhali njia ya kuwapambanua ni nyepesi: mweke buu juu ya ubao, na akiwa ni wa dundu wa maua atajilaza chali na kutambaa kwa mgongo, miguu ikielekea mbinguni.

Basi, ewe mkulima, dundu akikuharibia waridi mwondoe kwa mkono. Ila buu atambaaye chali mrudishe katika samadi kwa salama, maana deni la petali atakazokula kesho amekwisha kulilipa leo kwa udongo.