Kazi Isiyoonekana: Mwili na Akili katika Siku Ndefu ya Mashindano ya Puli

Mwezi Desemba mwaka 1996, mjini Hong Kong, wanaume wawili walikutana kwenye meza moja kwa siku tatu. Efren Reyes wa Ufilipino na Earl Strickland wa Marekani walikuwa wakiwania dola 100,000 za Marekani katika puli ya mipira tisa. Mshindi angekuwa yule atakayetangulia kufikisha michezo 120, na ndiye angechukua fedha zote. Reyes, ambaye alikuwa ameachwa nyuma kwa sehemu kubwa ya pambano, alishinda kwa 120 dhidi ya 117. Michezo 237 iliamuliwa kwa tofauti ya mitatu tu.

Katika siku hizo tatu hakuna aliyekimbia, aliyeruka wala aliyebeba kitu kizito. Fimbo ya kuchezea ina uzito wa takriban nusu kilo, na mpira mmoja haufiki gramu 171. Hata hivyo, yeyote aliyewahi kushiriki mashindano ya puli kuanzia asubuhi hadi usiku anaujua uchovu wa siku ya pili yake: kiuno kimekaza, shingo haigeuki vizuri, macho yanawasha, na akili imekuwa nzito. Uchovu huo una sababu zinazoeleweka kitabibu, na baadhi yake zinaweza kuzuiwa.

Katika Afrika Mashariki puli huchezwa zaidi katika baa, vibanda na kumbi za mitaani, na mara nyingi jamii huutazama mchezo huu kama kipumbazo cha watu wasio na kazi. Mtazamo huo una madhara hata katika chumba cha daktari. Mgonjwa mwenye maumivu ya mgongo akiulizwa kama anafanya kazi ngumu, hujibu kwamba hafanyi. Haoni sababu ya kutaja puli, na mhudumu naye haoni sababu ya kuiulizia. Matokeo yake ni kwamba mgonjwa hupewa dawa ya maumivu na kurudi kwenye meza ileile, kwa mkao uleule.

Siku ya mashindano ilivyo

Mashindano mengi huendeshwa kwa utaratibu wa kumpa mchezaji nafasi ya pili: anayeshindwa mara moja huhamia upande wa walioshindwa, na hutoka anaposhindwa tena. Tuchukue mfano wa mashindano ya wachezaji 64. Asiyeshindwa kabisa atacheza mapambano 7 hadi kutwaa kombe. Aliyeshindwa pambano la kwanza, akitaka kufika fainali, atalazimika kushinda mapambano 10 mfululizo upande wa pili, kisha acheze fainali. Kwa hiyo mchezaji aliyeanza vibaya ndiye anayebebeshwa mzigo mkubwa zaidi, wakati tayari ana fadhaa ya kushindwa.

Kati ya pambano na pambano anasubiri. Hajui ataitwa baada ya dakika 20 au saa mbili, kwa hiyo haendi mbali kula wala kupumzika. Hata akiwa katika pambano, mpinzani anapokuwa mezani yeye hukaa kitini akitazama, bila uwezo wa kufanya lolote. Wahenga walisema subira yavuta heri. Kwa mchezaji wa puli, subira hiyo ina gharama yake, na mwili ndio unaoilipa.

Mgongo, shingo na miguu

Uso wa meza ya puli upo kati ya sentimita 74 na 79 kutoka sakafuni. Ili aone mstari wa mpira, mchezaji huinama kutoka kiunoni hadi kidevu kikaribie fimbo, hunyoosha mkono mmoja mbele, kisha hubaki ametulia kabisa kwa sekunde kadhaa. Utulivu huo ni kazi. Misuli ya kiuno, ya mapaja na ya bega hukaza bila kulegea, na msuli uliokaza kwa muda mrefu haupati damu ya kutosha kama ule unaokaza na kulegea kwa zamu.

Tafiti za daktari wa mifupa wa Sweden, Alf Nachemson, zilizoanza miaka ya 1960, zilionyesha kwamba shinikizo ndani ya diski za pingili za kiuno huongezeka mtu anapoinama mbele akiwa amesimama. Kuinama mara moja hakudhuru mgongo wenye afya. Lakini haba na haba hujaza kibaba: mchezaji huinama mara mamia kwa siku, daima kwa upande uleule, mguu uleule ukiwa mbele na bega lilelile likiwa limenyooshwa. Shingo nayo hufanya kinyume cha kiuno. Kiwiliwili kikiwa kimelala, kichwa hulazimika kuinuliwa ili macho yatazame mbele, na pingili za shingo hubanwa upande wa nyuma. Kwa mwenye umri mkubwa ambaye pingili zake zimeanza kuchakaa, mkao huu unaweza kuleta maumivu yanayoshuka begani, au ganzi kwenye vidole.

Miguu husahaulika. Meza kubwa ya mashindano ina eneo la kuchezea la sentimita 254 kwa 127, na kuizunguka mara moja ni takriban mita 10. Mchezaji akitembea nusu ya mzunguko kwa kila pigo, mapigo 200 ni kilomita moja, juu ya sakafu ngumu na mara nyingi kwa viatu visivyofaa. Muda uliobaki husimama au kukaa, hivyo damu hutuama miguuni na vifundo kuvimba jioni.

Macho pia yana sehemu yake. Mtu anayekazia macho kitu kimoja hupepesa kope mara chache, na jicho hukauka. Zaidi ya hapo, mchezaji huhama kila mara kutoka mpira ulio karibu hadi ule ulio mbali, kazi inayokuwa ngumu baada ya miaka 40, lenzi ya jicho inapopoteza unyumbufu. Anayevaa miwani akiinama hutazama juu ya fremu, nje ya kioo. Dennis Taylor wa Ireland ya Kaskazini, bingwa wa dunia wa snuka mwaka 1985, alitatua tatizo hilo kwa kuvaa miwani mikubwa iliyoinuliwa juu ya kawaida. Mchezaji anayeanza kukosa mipira ya mbali apimwe macho kabla hajaamua kwamba kipaji kimemtoka.

Akili inayokesha

Mwaka 1948 mtafiti wa Uingereza, Norman Mackworth, alichapisha matokeo ya jaribio alilolifanya kwa ajili ya askari wa rada. Aliwataka watu watazame mshale wa saa kwa muda wa saa mbili na kutoa ishara kila uliporuka hatua mbili badala ya moja. Umakini wao ulianza kushuka ndani ya nusu saa ya kwanza. Binadamu hakuumbwa kubaki macho kwa jambo linalotokea mara chache, na hilo ndilo tunalomtaka mchezaji aliyeketi kitini afanye: atazame mpinzani kwa dakika nyingi, kisha ghafla asimame na kupiga pigo moja lisilo na nafasi ya kurudiwa.

Wakati huohuo mwili hutoa adrenalini. Moyo hudunda kasi, viganja hutoka jasho, vidole hutetemeka kidogo, na mkono hubana fimbo kuliko inavyohitajika. Kwa mkimbiaji nguvu hiyo hutumika miguuni. Mchezaji wa puli hana pa kuipeleka, lazima aitulize. Kuituliza kwa saa 12 ni kazi inayochosha, na huacha alama: usingizi wa mang'amung'amu, hasira ndogondogo nyumbani, na pigo lililokoswa linalojirudia akilini usiku kucha. Pale ambapo ada ya kuingia ilikopwa, au fedha ya chakula iliwekwa kama dau, mzigo huo huongezeka maradufu. Mhudumu wa afya anayekutana na kijana asiyelala na mwenye moyo unaokwenda mbio aulize pia habari za kamari, kwa staha na bila kumhukumu.

Mkono unapotetemeka

Mtetemeko wa mkono ni adui mkubwa wa mchezaji, na njia anayoichagua kuukabili inaweza kuwa hatari kuliko mtetemeko wenyewe.

Njia ya kwanza ni pombe, ambayo katika baa ipo hatua chache kutoka mezani. Bill Werbeniuk, mchezaji wa snuka kutoka Kanada, alikuwa na mtetemeko wa mkono wa kurithi, na alijulikana kwa kunywa bia nyingi mno siku za mashindano ili autulize. Ni kweli kwamba pombe hupunguza mtetemeko wa aina hiyo kwa muda. Lakini nafuu hiyo hupita haraka, mtetemeko hurudi kwa nguvu zaidi, na kiasi kinachohitajika huongezeka hadi mtu anakuwa mtegemezi.

Njia ya pili ni dawa za kundi la beta-bloka, kama propranololi na atenololi, ambazo hupunguza mapigo ya moyo na mtetemeko. Shirika la Kimataifa la Kupambana na Dawa za Kusisimua Misuli Michezoni (WADA) huzikataza wakati wa mashindano katika michezo ya jamii ya biliadi, puli ikiwemo. Hapa ipo hatari inayopaswa kujulikana na wahudumu: mgonjwa wa shinikizo la damu au wa moyo akisikia kwamba dawa yake imepigwa marufuku, anaweza kuiacha ghafla siku chache kabla ya mashindano. Kuacha beta-bloka ghafla kunaweza kupandisha shinikizo la damu na kusababisha maumivu ya kifua, hata mshtuko wa moyo. Mgonjwa huyo amwone daktari mapema. Huenda ipo dawa nyingine inayomfaa, na kama haipo, ipo njia ya kuomba kibali cha kutumia dawa kwa sababu za matibabu.

Tena, si kila mtetemeko ni woga. Mchezaji mwenye kisukari anayetumia insulini au glibenklamaidi, akiruka chakula kwa kuogopa kuitwa akiwa hayupo, sukari yake hushuka. Atatetemeka, atatoka jasho, moyo utadunda, na mawazo yatavurugika, dalili zinazofanana mno na hofu ya fainali. Wenzake watamwambia ajikaze au anywe bia kidogo, na pombe huizuia ini kutoa sukari iliyohifadhi, hivyo hali huwa mbaya zaidi. Akiwa pia anatumia beta-bloka, mtetemeko na mapigo ya moyo vinaweza kufichika, ikabaki dalili ya jasho peke yake. Kipimo kikionyesha chini ya milimoli 3.9 kwa lita, au ikiwa hakuna kipimo na dalili zipo, apewe mara moja vijiko vitatu au vinne vya chai vya sukari katika maji, au nusu glasi ya soda yenye sukari. Apimwe tena baada ya dakika 15, kisha ale chakula. Aliyepoteza fahamu asitiwe kitu mdomoni. Alazwe ubavu na akimbizwe hospitali.

Njia ya kurudi nyumbani

Mwaka 1997 watafiti Dawson na Reid wa Australia walionyesha kwamba mtu aliyekaa macho kwa saa 17 hupungukiwa na wepesi wa akili na mkono sawa na mtu mwenye pombe ya asilimia 0.05 katika damu. Mchezaji aliyeamka saa 12 asubuhi huzifikisha saa hizo saa 5 usiku, wakati fainali nyingi zinapochezwa. Akishamaliza hupanda pikipiki au kushika usukani. Hata kama hakuonja pombe, anaendesha kama aliyekunywa. Na kama alikunywa, madhara hayo mawili huungana. Pigo likikosewa mezani ni mchezo mmoja umepotea, lakini barabarani kosa dogo kama hilo linaweza kugharimu maisha.

Mambo ya kuzingatia

Kwa mchezaji:

- Kati ya mapambano, simama wima, weka mikono kiunoni na ujinyooshe nyuma taratibu mara tano. Tembea dakika chache badala ya kubaki kitini.
- Pinda goti la mbele kidogo unapoinama, ili kiuno kisibebe kazi yote, na vaa viatu vyenye soli laini.
- Beba maji na chakula kidogo kama ndizi, karanga au viazi vilivyochemshwa. Usisubiri kiu.
- Kahawa na vinywaji vya kuongeza nguvu vikome alasiri. Kafeini hukaa mwilini kwa saa nyingi, nayo itakunyang'anya usingizi unaouhitaji kabla ya siku ya pili.
- Panga mapema nani atakurudisha nyumbani.

Kwa mwandaaji: tangaza ratiba yenye saa za mapambano, weka nafasi ya chakula, maji ya kunywa na viti vyenye egemeo, na usianze fainali usiku wa manane.

Kwa mhudumu wa afya: muulize mgonjwa siku yake inavyopita, pamoja na anachokifanya baada ya kazi, kwa saa ngapi na kwa mkao gani. Maumivu ya kiuno yanayoambatana na udhaifu wa miguu, ganzi sehemu za siri, kushindwa kuzuia au kutoa mkojo, homa, au kupungua uzito hayatokani na uchovu wa mchezo. Mgonjwa huyo apelekwe hospitali bila kuchelewa.

Nawe mgonjwa unayecheza puli, ukiulizwa unafanya nini, usione haya kuitaja. Daktari hawezi kuutibu vizuri mgongo ambao hajaambiwa unainamishwa mara ngapi kwa siku.