Mbwa, Zabibu na Ukwaju

Wengi wetu hatukukua na mbwa ndani ya nyumba. Mbwa alikaa uani, akala ugali na mabaki. Huku ughaibuni watoto wanaomba mbwa, na wanafunzi wanapata vijisenti kwa kuwatunzia majirani mbwa wao wakisafiri. Ndipo swali linapokuja: matunda tunayokula sisi, naye anaweza kula?

Mimi ni muuguzi wa watu, si wa wanyama, lakini tunda linalonitia hofu zaidi ni zabibu. Ziwe mbichi au kavu, zinaweza kuharibu figo za mbwa ndani ya siku chache. Hakuna kiasi kinachojulikana kuwa salama: mbwa mmoja hula konzi nzima asidhurike, mwingine huugua kwa chache tu. Na zabibu kavu tunazitia katika biriani, tambi za sukari na keki za sikukuu.

Mwaka 2021 madaktari wa mifugo Marekani waliitaja asidi ya tartariki kuwa ndiyo inayoshukiwa. Asidi hiyo imejaa pia katika ukwaju, na mbwa waliokula ukwaju wameonekana kuumwa figo vilevile. Basi jagi la ukwaju la futari lisiachwe pa chini.

Mwanafunzi mmoja wa Tanga, hapa Uingereza, alinipigia simu saa tano usiku. Mbwa wa mwenye nyumba wake alikuwa amekula nusu pakiti ya zabibu kavu, lakini anacheza tu. Je, angoje asubuhi? Nikamwambia asingoje. Kutapika huanza baada ya saa kadhaa, kisha mbwa hulegea na kukataa chakula; mkojo ukishapungua, figo zimeshaumia. Kliniki ya usiku ilimtapisha kwa sindano, ikamtundikia dripu siku mbili, akapona. (Bili ilimtoa jasho mwenye nyumba.) Usimnyweshe mbwa maji ya chumvi ili atapike; chumvi nyingi nayo humuua.

Embe, tikiti, ndizi na tufaha, kwa vipande vidogo, havina neno. Toa kokwa la embe, huweza kuziba utumbo, na mbegu za tufaha, kwani zikitafunwa hutoa sianidi. Parachichi mimi simpi: lina mafuta mengi, na kokwa lake humkwama.

Ukiachiwa mbwa wa watu, muulize mwenyewe kabla hajaondoka: kliniki yake ya dharura ni ipi, bima ipo, na nani atalipa.