Msalaba wa nkambo: tusiuze mu giza

Mwenzetu mmoja wa kazi hapa Kolwezi alipigiwa simu na dada yake wa Sandoa. Mgeni alikuwa anapita nyumba kwa nyumba akiuliza medali za zamani, zaidi za Wajerumani. Mu sanduku ya marehemu nkambo wao kuko msalaba mweusi. Mgeni alitoa dola 5. "Kaka, tumupe?" Tulijibu: ngojeni kwanza.

Sisi wa sindika tunajua mambo haya. Ni kama ku depo: mwenye kununua njo mwenye mizani, njo mwenye kusema teneur. Mwenye mali anabaki kusema ndiyo tu.

Kitu cha Mjerumani kinaweza kufika kwetu namna gani? Njia moja ni vita ya 1914-1918. Askari wa Force Publique, watoto wa Kongo, walipigana na Wajerumani kule Afrika ya Mashariki. Tarehe 19 septemba 1916 waliingia Tabora, leo inchi ya Tanzania, chini ya jenerali Tombeur. Askari aliweza kurudi na kitu cha adui mu mfuko. Wapagazi waliobeba risasi na chakula walikuwa wengi kuliko askari, na wengi hawakuachia familia zao kitu chochote.

Msalaba wa chuma wa vita ile uko na herufi W katikati, taji juu na 1914 chini. Kwa kawaida moyo wake ni chuma kilichopakwa rangi nyeusi, na ukingo ni wa fedha nyeupe, ile ya kufanya pete. Leta sumaku ya bafle ya radio: chuma kitavutwa. Lakini hiyo peke yake haitoshi, wenye kuiga nao wanatumia chuma. Tazama pia kama ukingo ni kipande kingine kilichounganishwa, ao vyote vilimwagwa pamoja. Na usiusugue na mchanga ao ndimu! Wakusanyaji wanapenda rangi ya uzee. Ukiung'arisha, bei inashuka.

Kuko pia medali ya kikoloni, Ujerumani iliiweka mu 1912. Zingine ziko na kipande ku utepe kimeandikwa "Deutsch-Ostafrika 1905/07". Ni miaka ya Maji Maji, wakati vijiji vya kusini ya Tanzania vilichomwa na njaa ikaua watu wengi. Kwa mkusanyaji kipande kile kinaongeza bei. Kwetu ni damu ya watu.

Kwa hiyo, ndugu: piga picha pande mbili, andika jina la nkambo na habari aliyoacha, uliza wanunuzi zaidi ya mmoja, na mtu mmoja asiuze bila kikao cha familia.

Dada alifanya hivyo. Mgeni aliporudi, alisema mwenyewe dola 40. Msalaba ni ule ule. Kilichobadilika ni kwamba wenye nao waliuliza. Sasa uko bado mu sanduku, na familia itakaa chini kuamua.