Kazi Mpya Inapoleta Majuto

Juma hili twataka kuzungumza juu ya jambo linalowanyima wengi usingizi, nalo ni kuacha kazi, kuingia nyingine, kisha kujuta.

Tuseme mtu alikuwa karani mjini Nakuru, akaitwa Mombasa kwa mshahara mkubwa zaidi. Mwezi wa pili anaona nyongeza yote imemezwa na kodi ya nyumba na nauli. Mkubwa wake mpya ni mkali, na jamaa zake wako mbali. Usiku anajiuliza, "Nilirogwa na nani?" Wazee husema majuto ni mjukuu, huja baadaye. Lakini mjukuu akija nyumbani hafukuzwi, huketishwa akasikilizwa.

Kwanza, basi, tuyasikilize majuto yenyewe. Katika Kitabu cha Hesabu, sura ya 11, twasoma kwamba Waisraeli jangwani walilia wakikumbuka samaki, matango na vitunguu vya Misri. Matofali na viboko vya wasimamizi hawakuvitaja. Ndivyo moyo ulivyo: kazi ya zamani twaikumbuka kwa samaki wake, na kazi mpya twaihesabu kwa matofali yake. Tuchukue karatasi, tuandike mema na mabaya ya kila moja, pamoja na sababu iliyotufanya tuondoke. Huenda tukaona kwamba tunachokosa ni marafiki na mazoea tu. Ugeni wa namna hiyo hupungua kwa muda. Lakini dhuluma, au mshahara usiolipwa, si mambo ya kuzoea.

Pili, tujue haki zetu. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007, kifungu cha 42, yasema muda wa majaribio usizidi miezi 6, wala usiongezwe bila mfanyakazi kukubali. Wengi hudhani muda huo ni wa mwajiri kumpima mfanyakazi. Kumbe mfanyakazi naye anaweza kumpima mwajiri! Katika muda huo kila upande waweza kuvunja mkataba kwa notisi ya siku 7. Kwa hiyo hakuna haja ya kutoroka kazini na kuharibu jina. Tena, aliyefanya kazi wiki 4 mfululizo au zaidi ana haki ya kupewa cheti cha utumishi anapoondoka.

Tatu, tusione haya kubisha mlango wa zamani. Aliyeondoka kwa heshima anaweza kurudi kuuliza kama nafasi ipo. Akiambiwa imejazwa, hajapoteza kitu. Moyo wake utaacha kutazama nyuma. Lakini asiache kazi aliyo nayo kabla ya kupata jibu, kwa maana watoto hawashibi matumaini.

Mwisho, tusiyafiche mambo haya nyumbani. Mume anayemficha mkewe, au mke anayemficha mumewe, hubeba peke yake mzigo wa watu wawili. Na wakati tunaamua, tusikope kwa kutegemea mshahara ambao huenda tukauacha.

Wapenzi, kuchagua vibaya mara moja si kupotea daima. Waliolilia Misri, Mungu hakuwaacha jangwani bila chakula. Leo jioni tuiandike ile karatasi, tuiombee, kisha tuamue. Kwaherini, na Mungu awabariki.