Lori la Sifa Haliendi Mbio

Vijana wanaoniuliza habari za udereva wa malori, karibu wote wana lori lao moja kichwani, na si lile la mahindi kutoka Songea. Wanalitaka lile linalobeba bawa la mtambo wa upepo huku polisi wametangulia na ving'ora, au dampa la mgodini ambalo tairi lake linampita mtu kwa urefu. Waliotazama sana televisheni wanataka kwenda Kanada kuendesha juu ya ziwa lililoganda. Jibu langu huwa haliwafurahishi: kadiri gari linavyopanda hadhi, ndivyo dereva wake anavyobakiwa na machache ya kuamua. Mwendo, njia, saa ya kuondoka, hata mahali pa kusimama, vyote vimekwishapangwa na mtu mwingine.

Nianze na barafu, maana ndiyo inayopotosha wengi. Barabara ya Tibbitt hadi Contwoyto huanzia karibu na mji wa Yellowknife, kaskazini mwa Kanada. Tangu 1982 hujengwa upya kila majira ya baridi ili kupeleka mafuta, saruji na mitambo kwenye migodi ambayo haina barabara nyingine. Ina urefu wa kilomita 400 hivi, sehemu kubwa ikipita juu ya maziwa, na hufunguliwa kwa wiki nane tu, zaidi kidogo au pungufu kidogo. Mwaka 2007 kipindi cha Ice Road Truckers kiliwaonyesha madereva wake kama watu wanaoshindana na kifo. Lakini lori lenye shehena haliruhusiwi kuzidi kilomita 25 kwa saa juu ya barafu hiyo. Bodaboda yoyote ya Kariakoo italiacha nyuma.

Sababu yake ni ya kifizikia. Barafu inaelea. Lori likipita linaibonyeza, na maji ya chini yake yanasukumwa na kufanya wimbi linalosafiri pamoja na gari bila dereva kuliona. Akienda taratibu, wimbi hubaki dogo. Mwendo wa gari ukikaribia mwendo wa wimbi lenyewe, wimbi hukua, na likifika karibu na ukingo, ambako kina ni kidogo, hukosa pa kwenda isipokuwa juu, likaipasua barafu kutoka chini. Ndiyo maana malori huachiliwa kwa vikundi vidogo vyenye nafasi katikati, na walinzi wa barabara hupima mwendo wa kila gari. Kuna mahali inabidi ushuke hadi kilomita 10. Kwa hiyo hatari ipo, ila adui wa kila siku ni usingizi. Piga hesabu: kilomita 400 kwa mwendo wa 25 ni saa 16, mbele kweupe, nyuma kweupe.

Halafu kuna suala la mkono kwenda kinywani. Wengi wa madereva wa barafu hulipwa kwa safari. Mwaka 2006 baridi haikukaza, barabara ikafungwa mapema na shehena nyingine ikabaki. Migodi ikakodi ndege kupeleka mafuta. Dereva aliyekuwa anahesabu safari zake ili amalize mwaka hakuwa na ndege ya kukodi.

Kwa mabawa ya upepo hatuna haja ya kwenda mbali. Mradi wa umeme wa Ziwa Turkana nchini Kenya (ambao, pamoja na jina lake, uko Kaunti ya Marsabit) una mitambo 365, na kila mmoja una mabawa matatu. Hayo ni mabawa 1,095, kila moja likiwa na mita 25 hivi, ukiacha minara yake. Vyote vilitoka bandari ya Mombasa na kusafirishwa takriban kilomita 1,200, na kipande cha mwisho cha kilomita 208 kutoka Laisamis kililazimika kutengenezwa kwanza ndipo trela ziweze kupita.

Bawa si zito kama watu wanavyodhani; kinachosumbua ni urefu wake. Kwenye kona trela hukata kwa ndani huku ncha ya bawa ikifagia upande wa nje, penye nguzo, ukuta au kibanda cha mama ntilie. Trela nyingi za aina hii zina ekseli za nyuma zinazokunjwa kwa rimoti, na anayeishika huwa anatembea kwa miguu pembeni. Aliyekaa kwenye kichwa cha lori, ndiye anayepigwa picha, husogea anapoambiwa asogee. Tena mizigo ya namna hii huhitaji kibali maalumu, na kwa kawaida husafiri mchana tu. Jua likizama, safari imekwisha, hata kama nyumbani kwako ni kilomita mbili mbele.

Kwa maoni yangu, mwenye kazi tamu katika msafara huo ni mpimaji wa njia. Wiki kadhaa kabla ya lori kuondoka, yeye hupita akipima madaraja, nyaya za umeme na mizunguko ya barabara, na neno lake ndilo linaloamua kama mzigo utapita. Hakuna anayempungia mkono. Mitambo ya Turkana yenyewe ilimaliza kusimikwa 2017, lakini njia ya umeme ya kwenda Suswa haikuwa tayari hadi 2018. Mabawa yaliyosindikizwa kwa ving'ora yakakaa zaidi ya mwaka yakisubiri waya.

Limebaki dampa. Caterpillar 797F hubeba tani 363 za mawe, zaidi ya mara sita ya uzito ambao sheria ya Afrika Mashariki inauruhusu kwa lori la barabarani, tani 56, gari na mzigo pamoja. Dereva wa dampa kubwa huzunguka kati ya mashine ya kuchimbua na mtambo wa kusaga kwa zamu ya saa 12, na kompyuta ndiyo inayomwambia aende kwenye mashine ipi. Ukishafika hapo, kumtoa dereva ni hatua fupi. Kampuni ya Rio Tinto ilianza kujaribu madampa yasiyo na dereva huko Pilbara, Australia, mwaka 2008, na leo husimamiwa kutoka Perth, kilomita 1,500 hivi kutoka mgodini. Dereva anayeshusha shaba ya Kongo kwenye mteremko wa Kitonga, anayechagua gia mwenyewe na kujua ni kituo gani asilale kwa sababu ya wezi wa mafuta, hajafikiwa na teknolojia hiyo.

Anayeitaka kazi ya sifa bado namsaidia kuitafuta. Ila kabla ya kusaini, namwambia aulize kama atalipwa kwa saa, kwa safari au kwa tani, na siku ambayo kibali hakijatoka au barafu haijakaza, posho yake inatoka kwa nani.