KITABU JUMAMOSI, SINEMA JUMAPILI

Somo letu la leo halina hesabu wala sarufi. Twataka kusema juu ya Jumamosi na Jumapili, siku mbili ambazo watu wengi huzipoteza bila kujua, na jinsi jamaa moja, yaani baba, mama, bibi na watoto, wanavyoweza kuzitumia pamoja kwa kusoma kitabu na kutazama sinema.

Najua mtu mmoja huko aliko amekwisha kutikisa kichwa. Asema: si ndiyo sinema inayowafanya watoto wetu waache vitabu? Wazazi wengi husema hivyo, na walimu kadhalika. Mimi sikubali. Sinema humtoa mtoto katika kitabu akiachwa nayo peke yake. Lakini mtoto aliyekwisha soma hadithi yenyewe, tena ameketi kando ya mama yake, atakirudia kitabu mara picha ikiisha, maana atataka kuhakikisha kama mambo yalikuwa vile alivyoonyeshwa.

Na kutazama pamoja si jambo geni kwetu. Katika miaka ya 1950 na 1960, Jumapili ilikuwa siku kubwa ya sinema Unguja na Dar es Salaam. Watu walivaa nguo zao nzuri wakaenda na watoto kutazama picha za Kihindi, kama ile Awaara ya mwaka 1951 aliyoicheza Raj Kapoor. Wengi hawakujua Kihindi hata neno moja. Hawakushindwa, aliyefahamu alimweleza aliyekaa jirani yake, na habari ya baba na mwana waliotengana haihitaji mkalimani sana. Mwaka 1966 Dar es Salaam ilipata sinema ya kutazamwa ndani ya motokaa. Sinema hiyo haipo tena, na majumba mengi ya zamani yamefungwa. Siku hizi ukumbi wa sinema huonekana zaidi katika majumba ya maduka makubwa ya mijini, na watu wengi hutazama nyumbani kwa televisheni au katika vibanda vya video. Haidhuru. Shauri langu lafaa popote penye picha na mahali pa kukaa.

Basi tuanze na kitabu. Maktaba Kuu ya Taifa, Dar es Salaam, ilifunguliwa na Mwalimu Nyerere tarehe 9 Desemba 1967, na ina sehemu yake ya watoto. Mikoani nako ziko maktaba za umma. Nendeni Jumamosi asubuhi, nyote. Baba asimtume mtoto peke yake huku yeye akibaki barazani. Mtoto hufuata miguu ya mzazi kuliko maneno yake.

Nitawapeni mifano ya vitabu ambavyo sinema zake zipo. Kwa watoto, chukueni Elisi katika Nchi ya Ajabu. Asili yake ni kitabu cha Mwingereza Lewis Carroll cha mwaka 1865, na tafsiri ya Kiswahili ilitoka mwaka 1940. Katika picha za tafsiri hiyo Elisi amechorwa kama msichana wa Kiafrika. Halafu tazameni sinema ya katuni ya Walt Disney ya mwaka 1951: Elisi ni mtoto wa Kizungu mwenye nywele za rangi ya dhahabu. Waulizeni watoto, Elisi wa kweli ni yupi? Msiwape jibu. Waacheni wabishane mpaka chai ipoe. Tena katika sinema mtaona mapacha wawili wanene wenye maneno mengi. Mtoto akiwatafuta katika kitabu hatawapata, maana wametoka katika kitabu cha pili cha mwandishi yule yule, cha mwaka 1871. Hapo mtoto atajifunza kwamba mtengeneza sinema huchukua huku na huku, kama mpishi.

Kwa watu wazima na vijana, mfano nilioupenda zaidi ni Mashimo ya Mfalme Sulemani. Kitabu hicho aliandika H. Rider Haggard mwaka 1885, na Kiswahili chake kilitoka mwaka 1929 kwa kazi ya Frederick Johnson, ambaye baadaye alisimamia ile kamusi kubwa ya Kiswahili ya mwaka 1939. Sinema yake ya mwaka 1950 ilipigwa katika nchi zetu hizi: Kenya, Uganda, Tanganyika na Kongo. Ilipata tuzo la Oscar kwa uzuri wa picha, na kwa haki.

Sasa angalieni tofauti. Katika kitabu, Bwana Henry Curtis anamtafuta ndugu yake aliyepotea. Katika sinema, bibi mmoja anamtafuta mume wake. Bibi huyo hayumo katika kitabu kabisa. Kwa nini ameingizwa? Mwulizeni mama mwenye nyumba, huenda akajibu upesi kuliko mwalimu: watu hupenda kuona mapenzi, na tikiti lazima ziuzwe.

Tofauti ya pili ni kubwa kuliko hiyo. Umbopa, anayesafiri kama mtumishi wa Wazungu, kwa kweli ndiye mfalme wa haki wa nchi ile, na kiti chake kimenyakuliwa na Twala. Katika kitabu, mtu anayepigana na Twala na kumwua ni Bwana Henry, Mwingereza. Katika sinema ya mwaka 1950, Umbopa mwenyewe ndiye anayepigana. Ninyi mwaonaje? Ni nani apasaye kupigania kiti cha mfalme? Na kwa nini mwandishi wa mwaka 1885 alimpa mgeni kazi hiyo? Swali hili moja latosha kwa Jumapili nzima. Mtoto wa miaka kumi na minne akilifikiri, hatatazama picha yo yote tena kama kuku atazamavyo mvua. Atauliza: habari hii imetungwa na nani, na nani amewekwa mbele, nani nyuma?

Vitabu hivi ni vya zamani, na pengine mkutubi atasema havipo. Msirudi mikono mitupu. Ombeni Juliasi Kaizari, tafsiri ya Mwalimu Nyerere; sinema yake ya mwaka 1953 ina Marlon Brando, akicheza Antoni.

Sasa nasema na wale waliojifunza kusoma ukubwani, maana kwao jambo hili si la kupitisha wakati tu. Mwaka 1970 ulitangazwa nchini Tanzania kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na katika miaka iliyofuata watu wengi sana walijua kusoma. Lakini wako waliosahau tena, kwa kuwa baada ya kitabu cha darasani hawakupata kingine. Kusoma ni kama jembe. Likilala hushika kutu. Basi mama aliyemaliza darasa la kisomo asome ukurasa mmoja kwa sauti mbele ya watu wake, na mtoto asome unaofuata. Akikwama, mtoto amsaidie kwa adabu: “Mama, hapa nadhani pameandikwa hivi.” Atakayecheka atolewe nje, awe mkubwa au mdogo. Na bibi asiyejua herufi hakosi kazi. Yeye aulizwe kila jioni hadithi imefika wapi, maana mara nyingi ndiye anayeshika habari kuliko wote. Siku ya sinema, akiwa hajui Kiingereza, kijana mmoja aketi karibu naye amfasirie polepole, kama wafasiri wa vibanda vya video wafanyavyo, lakini bila kupiga kelele.

Juu ya fedha nitasema machache. Mkiwa hamna nauli na tikiti za watu wote, nendeni maktaba kila juma na sinema mara moja kwa mwezi, au azimeni picha kwa jirani mwenye televisheni, naye akaribishwe kusikiliza kitabu.

Kazi ya juma hili ni hii. Chagueni kitabu kimoja chenye sinema. Someni kwanza angalau sura tatu pamoja. Mkiisha kutazama, kila mtu ataje jambo moja lililobadilishwa na sababu yake, na mwandishi wenu awe yule aliyejifunza kuandika mwisho. Daftari hilo mje nalo katika kikundi chenu cha kusikiliza. Kitabu kirudisheni maktaba siku iliyopigwa muhuri.