Wana wa Kusini, Fleshi Moja Siyo Bakapu

Oya wana wa Nachingwea na Ruangwa! Korosho zikishalipwa mkwanja unatembea, na mishe za kamera zinachanganya: harusi, bethdei, mechi ya Namungo pale Uwanja wa Majaliwa. Mzigo wote huo unalala kwenye laptopu moja geto. Hapo ndo pana noma. Laptopu ikipigwa, au diski yake ikigoma kusoma, harusi ya dada wa watu ndo imepotea hivyo. Hakuna ndoa inayofungwa upya ili wewe upate klipu.

Wengi tunajipa moyo na fleshi. Sasa fleshi haitulii: asubuhi iko steshenari inaprinti CV, mchana kwenye kibanda cha kurushia nyimbo, jioni kwenye redio ya bajaji. Inarudi geto imebeba virusi, unafungua unakuta mafolda yote yamegeuka shotikati. Ikikukuta hiyo, usikimbilie kufomati. Mara nyingi mafaili yapo, virusi kayaficha tu. Mpe fundi anayejua ayafichue kwanza.

Kuna wanaosema, "Mi naweka Drive." Fresh, ila Google wanatoa GB 15 za bure, na humo humo zimo imeili na picha zako. Video za harusi moja zinaweza kuzimaliza, na bando la kupandisha mzigo huo ni mtonyo wa maana. Halafu Mei 12, 2024 nyaya za intaneti za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika, Bongo ikakaa na mtandao wa kuchechemea. Siku kama hiyo mteja anataka kazi yake na wewe huifikii.

Mchongo wa uhakika ni tatu-mbili-moja, kanuni iliyosambazwa na mpiga picha Mmarekani Peter Krogh: kopi tatu, vifaa vya aina mbili, na kopi moja ikae nje ya nyumba. Kwetu hiyo ya nje ni rahisi kinoma. Wewe wa Ruangwa na mshkaji wako wa Nachingwea badilishaneni diski za kuchomeka: yako ilale kwake, yake ilale kwako. Mkikutana, kila mtu anaongeza mzigo mpya kwenye diski yake, kisha zinarudi zilikotoka. Ifunge kwa nywila kwanza, maana harusi ya watu si ya kila jicho. Mwizi aliyeingia geto lako Ruangwa hana habari na diski iliyoko Nachingwea.

Kopi ya tatu ikae kwenye diski nyingine hapo geto; nayo ukimaliza kukopi, itoe kwa utaratibu, uiweke pembeni. Ikishinda imechomekwa, virusi akiingia kwenye laptopu anapita na vyote viwili. Na usiamini kopi ambayo hujaifungua: cheza video moja, ruka katikati, ruka mwisho.

Kwa hiyo wanangu, msifute memori kadi ya kamera mpaka mzigo uwe sehemu mbili. Mteja kawakabidhi siku yake ya maisha, mtunzieni.